CD-RW na DVD-RW zilizogoma kusomeka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye CD au DVD ya kuandika na kufuta ambayo zamani ilikuwa inasoma na sasa kompyuta haitaki hata kuiona. Hapa Dodoma diski hizi bado zimejaa makabatini: nyimbo za kwaya zilizorekodiwa kabla fleshi hazijashuka bei, video za harusi na vipaimara, tasnifu za chuo, picha za ukoo kutoka Kondoa, Mpwapwa na Manyoni. Wengi wanaouliza wanachanganya kazi mbili. Kuokoa kilichomo ndani ya diski ni kazi moja. Kuifufua diski yenyewe ili iandikike tena ni kazi nyingine, na hiyo ya pili inafuta kila kitu ambacho ya kwanza ingeokoa. Kwa hiyo majibu yote hapa yanakwenda kwa utaratibu mmoja: vilivyomo kwanza, diski baadaye.

Kompyuta inasema diski haijafomatiwa, inauliza kama nifomati. Nikubali?

Usikubali. Ujumbe huo hausemi kwamba diski ni tupu. Unasema kompyuta imeshindwa kuuelewa mpangilio wa mafaili uliopo, na mara nyingi mafaili yenyewe ni mazima kabisa. Bonyeza hapana, toa diski, endelea kusoma.

Sababu ya kawaida ni hii. Miaka ile ya Windows 98 na XP, programu kama DirectCD na InCD zilikuwa zinaifomati CD-RW ili uitumie kama flopi kubwa: unaburuta faili, unafuta, unaongeza. Mfumo wake unaitwa UDF. Baadaye Windows Vista na Windows 7 zikaja na jambo hilo hilo ndani yake; ukiweka diski tupu zinakuuliza kama unataka kuitumia kama fleshi au kwa ajili ya deki ya CD na DVD. Diski iliyoandikwa kwa njia ya fleshi haisomeki kwenye kila mashine, na kama ilitolewa kabla haijamaliza kujiandika, hata mashine iliyoiandika inaweza kuikana. Ijaribu kwenye kompyuta yenye Windows mpya zaidi au yenye Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, kabla hujaiita mbovu.

Dalili moja inasaidia. Diski ya MB 650 iliyofomatiwa kwa njia hiyo ilikuwa inabaki na nafasi ya MB 530 hivi tu, na ile ya 700 inabaki na 570 hivi. Kama mwenye diski anakumbuka kwamba "ilikuwa haijai mpaka mwisho", basi karibu ni hakika ni UDF.

Diski ni ya kamera ya harusi. Kompyuta inaiona tupu, lakini kwenye kamera video inacheza. Imekuwaje?

Haijafungwa. Kamera nyingi za video za wakati ule zilirekodi kwenye vidiski vya sentimita 8 vyenye nafasi ya GB 1.4. Kurekodi kukiisha, mpiga video alitakiwa kuingia kwenye menyu ya kamera na kuamuru diski ifungwe, yaani iandikiwe orodha ya yaliyomo ili mashine nyingine ziisome. Katika pilikapilika za ukumbini hatua hiyo ilirukwa mara nyingi. Diski isiyofungwa inasomwa na kamera iliyoirekodi, lakini kompyuta inaweza kukuambia kwa uhakika wote kwamba ni tupu.

Hapa ndipo harusi za watu zinapopotea: mtu anaona neno "tupu", anachoma nyimbo juu yake. Usiiandike. Mtafute mwenye kamera, au mtu mwenye kamera ya aina ileile, aifunge kutoka kwenye menyu. Kama kamera haipo tena, fanya nakala kwa njia nitakayoieleza mbele, kwa sababu picha zenyewe zimo.

Deki za nyumbani zilizorekodi kwenye DVD-RW nazo zina tabia yake. Ukifungua diski ukakuta folda ya DVD_RTAV na ndani yake faili moja kubwa la VR_MOVIE.VRO, hilo ndilo video yako yote. Linakili kwenye kompyuta, badilisha mwisho wa jina uwe .mpg, fungua kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video.

Tahadhari ya haraka: kidiski cha sentimita 8 usikiingize kwenye redio ya gari wala laptopu isiyo na trei, ile ya kumeza diski. Kitakwama ndani.

Nitajuaje kama kweli ni tupu?

Igeuze, ishike kwa ukingo, iinamishe chini ya mwanga wa dirishani. Upande wa chini wa CD-RW ni wa kijivu. Ukiona ukanda wenye kivuli tofauti kidogo, unaanzia karibu na tundu la katikati na kuishia kwa mstari wa duara uliokatika wazi, hapo pamewahi kuandikwa kitu, na upana wa ukanda unakudokeza kilikuwa kingi kiasi gani. Jicho halikuambii kama kinasomeka. Linakuambia tu usiiamini haraka kompyuta inayosema hakuna kitu.

Kwa nini hizi hugoma upesi kuliko CD za dukani?

CD ya dukani imegongwa kiwandani. Vishimo vyake ni umbo la plastiki yenyewe. CD-RW haina vishimo. Ina utando mwembamba wa aloi ya fedha, indiamu, antimoni na teluriamu. Leza ikiupiga kwa nguvu unayeyuka kwenye nukta ndogo, kwenye joto la nyuzi 500 hadi 700, kisha unapoa ghafla na kubaki bila mpangilio wa fuwele. Nukta hiyo inarudisha mwanga kidogo. Wakati wa kufuta, leza inapasha joto la kadiri ya nyuzi 200 na fuwele zinarudi. Ndiyo maana inaandikika na kufutika, kwa kawaida hadi mara 1,000 hivi.

Gharama ya ufundi huo ni mwanga. CD ya dukani inarudisha karibu asilimia 70 ya mwanga wa leza. CD-RW inarudisha 15 hadi 25 tu. Kwa hiyo alama ya kidole, vumbi, au lenzi iliyochoka, vitu ambavyo CD ya dukani ingevivumilia, vinaizimisha CD-RW kabisa. Pia ndiyo sababu deki za kabla ya 1997, mwaka CD-RW zilipoingia sokoni, mara nyingi hazizisomi hata zikiwa mpya. Na joto ni adui wa moja kwa moja, maana linazisukuma zile nukta kurudi kwenye fuwele taratibu. Diski iliyokaa miaka juu ya kabati chini ya bati, au kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, imekuwa ikifutwa kidogo kidogo bila mtu kugusa kitu.

Nianze na nini?

Anza na usafi. Anayeishi Dodoma anajua kiangazi cha hapa, kuanzia Mei hadi Novemba, vumbi linavyoingia hata kwenye kabati lililofungwa. Vumbi letu lina mchanga ndani yake, kwa hiyo usiifute diski kavu kwa shati. Utakuwa unaipiga msasa. Pitisha kwanza maji safi ya kutiririka yachukue chembe. Kama ina mafuta ya vidole, weka tone la sabuni ya maji ya vyombo, sugua kwa ncha za vidole bila nguvu, suuza, kausha kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kama unachora miale ya jua. Usizungushe. Data imepangwa kufuata duara, na mfumo wa kusahihisha makosa wa CD unaweza kuziba pengo la milimita 2.5 hivi kwenye njia ya leza. Mkwaruzo unaokata njia hiyo unazibika; mkwaruzo unaoifuata unaharibu kipande kirefu kwa mkupuo.

Spiriti ya hospitali ni sawa kwa uchafu sugu. Petroli, tina ya rangi na dawa ya kutoa rangi ya kucha haviruhusiwi, vinaila plastiki.

Upande wenye maandishi ushughulikie kwa heshima zaidi. Kwenye CD, utando wa data uko pale juu, chini ya vanishi nyembamba tu, wakati upande wa chini una plastiki ya milimita 1.2. Mtu anayelaza CD kifudifudi kulinda "upande unaong'aa" analinda upande wenye ngao. DVD iko salama zaidi kwa sababu utando wake umebanwa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6.

Hatua ya pili, kabla ya programu yoyote: badilisha draivu, yaani kile kifaa cha kompyuta kinachosoma diski. Kama kompyuta iliyoichoma diski bado ipo, hata kama imekaa stoo, irudishe mezani, kwa sababu draivu iliyoandika ndiyo yenye nafasi kubwa ya kusoma. Isipokuwepo, tumia draivu inayoweza kuandika, siyo ya kusoma tu. Jaribu mbili tatu tofauti. Naamini diski nyingi zinazotupwa mjini hapa zilikuwa nzima, draivu ndiyo ilikuwa imejaa vumbi.

Draivu ya USB inatoa mlio wa tik-tik halafu inanyamaza. Diski ndiyo mbovu?

Huenda umeme hauitoshi. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, siyo kwenye kigawanyio. Kama waya wake una vichwa viwili vya USB, chomeka vyote.

Diski inaonekana, mafaili naona majina yake, lakini nikinakili inakwama katikati. Nitumie programu gani?

Acha kunakili faili moja moja. Kila unapojaribu upya, draivu inahangaika palepale pabovu huku sehemu nzuri zikisubiri. Unachotaka ni nakala ya diski nzima kwenye faili moja la ISO, kisha uhangaike na nakala hiyo, diski ikiwa imepumzika.

Ninayoiamini kuliko zote ni ddrescue, ya bure, kwenye Linux. Huhitaji kuondoa Windows. Washa kompyuta kwa fleshi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ukichagua kujaribu bila kusakinisha. Kifurushi cha ddrescue humo kinaitwa gddrescue. Amri ya kwanza:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Hilo /dev/sr0 ndilo jina la draivu kwenye Linux. Amri hii inachukua kwanza sehemu zote rahisi na kuziruka ngumu. Ikiisha:

ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Hii inarudi kwenye zile ngumu na kuzijaribu mara 3 zaidi. Faili la harusi.map ndilo linalokumbuka kipi kimepatikana na kipi bado, na hapo ndipo uzuri wake ulipo kwetu. Umeme ukikatika, unarudia amri ileile na inaendelea ilipoishia, mradi mafaili yote mawili umeyaweka kwenye diski kuu ya kompyuta au diski ya nje. Ukiyaacha kwenye Ubuntu ya majaribio yanapotea mashine ikizima. Pia unaweza kuhamishia diski kwenye draivu nyingine, ukaendelea na map ileile, na draivu ya pili ikapata vipande ambavyo ya kwanza ilishindwa. Ukiwa na nakala mbili za diski moja, kila moja imekwaruzika mahali pake, zinaweza kujazana hadi upate kitu kizima.

Asiyetaka Linux atumie IsoBuster kwenye Windows. Baadhi ya kazi zake ni za kulipia, lakini inaelewa UDF vizuri, hata iliyovurugika.

ISO nimeipata lakini haifunguki.

Pitisha PhotoRec juu ya faili la ISO. Haijali mpangilio wa mafaili. Inatafuta mwanzo wa picha, wimbo au waraka mmoja mmoja na kuutoa. Majina ya mafaili yanapotea, kwa hiyo utakaa na mamia ya picha zenye namba tu. Mkalishe mama au shangazi karibu akusaidie kutambua sura. Hakuna programu inayomfikia. Vipande vya video visivyokamilika vijaribu kwa VLC, inavumilia mengi.

Niliifuta kwa haraka kwa bahati mbaya. Kuna tumaini?

Kufuta kwa haraka kunaondoa orodha ya yaliyomo tu. Data yenyewe bado imelala pale. Tatizo ni kwamba draivu, ikiona orodha haipo, inakataa kusoma. Kwa vifaa vya nyumbani uwezekano ni mdogo, na kila jaribio la kuandika linaupunguza zaidi. Kama kilichomo hakina mfano wake, iweke pembeni bila kuigusa, umtafute mtu anayefanya kazi ya kuokoa data. Kama ulifuta kikamilifu, fuwele zote zimerudi. Hakuna cha kutafuta.

Nimeshaokoa mafaili. Sasa nataka diski yenyewe ifufuke.

Sasa ndiyo. Diski nyingi zinazoonekana zimekufa ziliachwa katikati ya kazi: umeme ulikatika wakati wa kuchoma au kufuta, orodha ikabaki nusu, na draivu haijui kama mbele yake kuna diski tupu au iliyojaa. Kufuta kwa haraka hakutoshi, kwa sababu kunategemea orodha hiyohiyo iliyoharibika. Inatakiwa kufutwa yote.

Kwenye Linux, kwa CD-RW:

wodim -v -force dev=/dev/sr0 blank=all

Hilo neno -force ndilo lenye kazi. Limewekwa makusudi kuruhusu kufuta CD-RW mbovu ambazo njia ya kawaida inazikataa. Kwa kasi ya 4x, yaani mara nne ya kasi ya kawaida, itachukua dakika 20 hivi. Kama una laptopu, iwe na chaji ya kutosha. Usianze kufuta kwa kompyuta ya mezani siku ambayo umeme unayumba.

Kwa DVD-RW:

dvd+rw-format -blank=full /dev/sr0

Hii kwa kasi ya 1x inaweza kufika saa nzima. Usiikatishe. Watu wanaishia kwenye kufuta kwa haraka kisha wanashangaa DVD-RW inakubali kuchomwa kwa mkupuo mmoja tu na kukataa kuongezewa mafaili baadaye. Ndivyo ilivyo, mpaka ifutwe yote.

DVD+RW, yenye alama ya kujumlisha, ni kitu kingine. Haifutwi, inaandikwa juu ya yaliyopo. Ikigoma, ifomati upya kwa nguvu: dvd+rw-format -force /dev/sr0.

Kwenye Windows, ImgBurn ni ya bure na ina chaguo la kufuta kwa haraka au kikamilifu. Chagua kikamilifu.

Ikikubali, ijaze mpaka mwisho kwa mafaili yasiyo na thamani na uiruhusu programu ihakiki ilichoandika. Ikikosea mara mbili mahali palepale, utando umechoka pale. Iache.

Draivu yangu ya zamani inaisoma CD-RW mpya lakini inakataa kuifuta.

Angalia kasi iliyoandikwa juu ya diski. CD-RW za kwanza zilikuwa za 1x hadi 4x, zikaja za 4x hadi 12x, kisha za juu zaidi. Draivu ya kizazi cha kwanza haiwezi kuandika za kizazi cha baadaye. Diski haina kosa. Tafuta draivu mpya zaidi.

Je, dawa ya meno, friji, au kuianika juani?

Dawa ya meno nyeupe, siyo ya jeli, inaweza kulainisha mkwaruzo mwepesi wa upande wa chini, kwa sababu ina unga unaosugua. Iache iwe ya mwisho, baada ya kupata nakala ya kila kinachosomeka, na usugue kutoka katikati kwenda nje. Friji haisaidii, inaleta unyevu. Jua la Dodoma halifufui CD-RW, linaiharibu. Maikrowevu inaiunguza na kutoa moshi mbaya, na hakuna kinachobaki.

Ina ufa kidogo karibu na tundu la katikati. Niijaribu tu?

Usiiweke kwenye draivu ya kasi. CD kwenye draivu ya 52x inazunguka karibu mara 10,000 kwa dakika, na ufa wa katikati unaweza kuipasua vipande ndani ya mashine.

Nikiipeleka kwa fundi nimwambie nini?

Mwambie kwa maneno haya: "Nataka vilivyomo. Usifomati, usifute, usiandike chochote." Yaandike kwenye karatasi na uibane pamoja na kasha, maana anayepokea kazi siyo lazima ndiye atakayeifanya. Mweleze ilichomwa na mashine gani kama unajua, na imejaribiwa wapi. Muulize kama anafanya nakala ya diski nzima kwanza. Akijibu kwamba ataifomati halafu arudishe mafaili, ichukue diski yako, msalimie, nenda kwa mwingine.

Mafaili niliyookoa niyaweke wapi?

Sehemu mbili tofauti kwa uchache: diski ya nje na kompyuta, au fleshi kwa ndugu wa mji mwingine pamoja na hifadhi ya intaneti. Diski iliyofufuka usiikabidhi tena nakala pekee ya kitu chochote. Itumie kwa kazi za kupita, kubeba nyimbo za mazoezi ya kwaya au kusakinishia programu. Zilizobaki nzima zisimamishe wima kwenye makasha yake, ndani ya kabati la chumba kisichopigwa na jua la jioni, na uandike juu yake kwa kalamu ya wino laini ya CD, kamwe siyo kwa peni. Karatasi ya lebo iliyokwisha kubandikwa usiibandue. Inaweza kuondoka na utando.

Iliyokataa kabisa niitupe vipi?

Usiichome moto. Kama ina mambo ya siri, ifunike kwa kitambaa kinene na uikate kwa mkasi mkubwa. Ukiivunja kwa mikono vipande vinaruka machoni. Lakini ikiwa ni harusi, sauti ya mtu aliyefariki, au kitu kingine kisicho na nakala, usiitupe leo. Andika kwenye kasha ni nini, imejaribiwa kwa draivu zipi, uiweke mahali pa baridi na giza hadi utakapopata draivu nyingine ya kuijaribia.